Jina Moja, Namba Mbalimbali: Kufungua Faili katika Mifumo ya Ukoo wa Unix

Programu ya kompyuta inapotaka kusoma au kuandika faili, hailigusi faili lenyewe. Huomba. Huuomba mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia mashine nzima, uifungulie faili fulani kwa namna fulani: kwa kusoma tu, kwa kuandika tu, kwa kuongeza maandishi mwishoni, au kwa kufuta yote yaliyomo na kuanza upya. Jina la faili hupelekwa kwa herufi, lakini ile namna hupelekwa kwa namba. Makala hii inahusu namba hizo na majina yaliyobandikwa juu yake, na jinsi mashine mbili zinazofanana karibu kwa kila jambo zinavyoweza kutofautiana katika namba moja, hata mtu akapoteza kazi yake bila kuonywa.

Jambo hilo lilinifika mwenyewe nilipokuwa masomoni ng'ambo. Nilikuwa na programu ndogo iliyosoma kipimajoto kila baada ya dakika kumi na kuongeza mstari mmoja mwishoni mwa faili. Ilikuwa imefanya kazi kwa majuma 11 katika mashine yenye mfumo wa Linux. Siku moja niliihamishia katika mashine nyingine, yenye mfumo wa FreeBSD, pamoja na faili lake. Programu ilikubali, haikulalamika hata kidogo, nami nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta faili lina mstari mmoja tu, kipimo cha dakika chache zilizopita. Kwa bahati nakala ya zamani ilikuwa imebaki katika mashine ya kwanza. Vipimo vya usiku ule havikupatikana tena.

Kosa lilikuwa langu. Lugha niliyoitumia haikujua majina ya mfumo endeshi, kwa hiyo mahali pa jina niliandika namba, nayo ilikuwa 1025. Ili kuelewa kwa nini namba hiyo ilihifadhi vipimo vyangu upande mmoja na kuviangamiza upande wa pili, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mwaka 1973 kiini chake kiliandikwa upya kwa lugha ya C. Katika siku hizo za mwanzo hapakuwa na majina ya kuzungumzia. Mwandishi wa programu aliyetaka kufungua faili aliandika namba yenyewe: 0 kwa kusoma, 1 kwa kuandika, 2 kwa yote mawili. Kama faili halikuwapo, aliliunda kwa amri nyingine iliyoitwa creat. (Jina hilo ni neno la Kiingereza lililokatwa herufi ya mwisho. Inasemekana Thompson alipoulizwa baadaye angebadilisha nini kama angeiunda Unix upya, alijibu kwamba angeirudisha herufi hiyo.) Hata Toleo la Saba la mwaka 1979 lilitumia mtindo huo. Amri ya lseek, ambayo husogeza mahali pa kusomea au kuandikia ndani ya faili, nayo ilipokea namba tupu: 0 maana yake hesabu kuanzia mwanzo wa faili, 1 kuanzia mahali ulipo, 2 kuanzia mwisho.

Namba tupu zina ila mbili. Ya kwanza ni kwamba msomaji wa programu hazielewi. Akikuta 2 hawezi kujua kama ni mwisho wa faili au ni ruhusa ya kusoma na kuandika. Ya pili ni kwamba namba haina maana mpaka ujue inahesabiwa wapi. Sisi katika Afrika ya Mashariki twalijua hilo vizuri. Mwenyeji akisema basi linaondoka saa mbili asubuhi, mgeni anayeanza kuhesabu saa usiku wa manane atafika kituoni gizani, saa sita kabla ya wakati. Namba ni ile ile, na wote wawili wamehesabu sawasawa, ila kila mmoja ameanzia mahali pake.

Kwa hiyo wataalamu walianza kuzipa namba majina. Majina hayo huandikwa katika faili fupi la matangazo linaloletwa na mfumo endeshi, kwa mfano fcntl.h au unistd.h. Mwandishi wa programu huandika jina, na kompaila, yaani programu inayofasiri lugha ya C kuwa lugha ya mashine, huliondoa jina na kuweka namba iliyotajwa katika faili hilo. Namba ya namna hii, isiyobadilika muda wote programu inapoendeshwa, huitwa konstanti. Msomaji aliweke akilini jambo hili, kwa kuwa mengi yanategemea hapo: jina huishi katika maandishi ya programu tu. Programu ikishafasiriwa, jina limekwisha, na kinachobaki ni namba.

Taabu ni kwamba waliotoa majina hawakuwa watu wa nyumba moja. Kutokana na amri ya mahakama ya mwaka 1956, kampuni ya AT&T iliyomiliki maabara za Bell haikuruhusiwa kufanya biashara ya kompyuta, basi Unix iligawiwa vyuo vikuu kwa leseni nafuu pamoja na maandishi yake yote. Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kiliichukua na kuikuza kwa njia yake. Kufikia mwaka 1983 palikuwa na matawi mawili makubwa: System V ya AT&T na 4.2BSD ya Berkeley.

Zile namba tatu za lseek zinaonyesha vizuri kilichotokea. Berkeley waliziita L_SET, L_INCR na L_XTND. Upande wa System V ziliitwa SEEK_SET, SEEK_CUR na SEEK_END. Namba zilikuwa zile zile, 0, 1 na 2, na kazi ilikuwa ile ile. Programu iliyoandikwa Berkeley ilikataliwa na kompaila ya System V kwa sababu tu jina halikujulikana, kama Mzanzibari anayeomba mbatata katika soko la bara ambako watu husema viazi. Tofauti ya namna hii inaudhi lakini haina madhara. Kompaila hukataa papo hapo, nawe unarekebisha. Dawa yake ni mistari mitatu:

#ifndef SEEK_SET
#define SEEK_SET 0
#endif

Maana yake: ikiwa jina SEEK_SET halijatangazwa, lihesabu kuwa 0. Mwaka 1988 chama cha wahandisi cha IEEE kilitoa kiwango cha POSIX, ambacho jina lake lilipendekezwa na Richard Stallman, nacho kilichagua majina ya SEEK. Kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989 kikayachukua vilevile. Majina ya Berkeley bado huonekana katika maandishi ya zamani. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa majina ya ruhusa za faili: S_IREAD ya zamani ikawa S_IRUSR, na namba yake haikuguswa, kwa kuwa watumiaji walikwisha kuzoea kuziandika ruhusa hizo kwa mkono, kama 644 na 755, na hakuna aliyethubutu kuwabadilishia.

Tofauti ya pili ni kinyume cha hiyo: jina ni moja, namba ni mbalimbali. Hapa ndipo vipimo vyangu vilipopotelea.

Namba inayopelekwa wakati wa kufungua faili ifikirie kama ubao wa swichi za taa. Kila swichi ina thamani yake, nazo hufuatana kwa kuzidishwa mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16, na kuendelea. Ukitaka kuwasha swichi ya 1 na ya 1024 kwa pamoja, unapeleka jumla yake, 1025. Majina ya swichi ni yale yale katika mifumo yote: O_APPEND ni kuandika mwishoni daima, O_CREAT ni kuunda faili likikosekana, O_TRUNC ni kufuta yaliyomo, O_EXCL ni kukataa ikiwa faili la kuundwa lipo tayari, O_NONBLOCK ni kutongoja. Tazama sasa thamani zake katika Linux ya mashine za kawaida za aina ya x86, katika FreeBSD pamoja na macOS, na katika Solaris:

O_APPEND: Linux 1024, FreeBSD na macOS 8, Solaris 8
O_CREAT: Linux 64, FreeBSD na macOS 512, Solaris 256
O_TRUNC: Linux 512, FreeBSD na macOS 1024, Solaris 512
O_EXCL: Linux 128, FreeBSD na macOS 2048, Solaris 1024
O_NONBLOCK: Linux 2048, FreeBSD na macOS 4, Solaris 128

Katika Linux namba 1024 ni kuongeza mwishoni. Katika FreeBSD namba hiyo hiyo ni kufuta yote yaliyomo. Programu yangu ilikuwa ikisema 1025, yaani "fungua kwa kuandika, ongeza mwishoni". Mashine ya pili ilisikia "fungua kwa kuandika, futa kwanza", ikatii, na ikaendelea kutii kila baada ya dakika kumi usiku kucha. Hapakuwa na kosa la kuripoti, kwa kuwa ombi lilikuwa halali kabisa.

Safari ya kurudi nayo ina hatari yake. Katika macOS, kuandika kwa kuongeza mwishoni ni 1 na 8, jumla 9. Ipeleke 9 katika Linux ya x86 na utaona kwamba swichi ya 8 haina kazi huko. Mtu angetumaini kwamba Linux itakataa ombi lenye swichi isiyojulikana, lakini amri yake ya open huzinyamazia swichi za namna hiyo. Faili hufunguliwa, kalamu huwekwa mwanzoni, na mistari mipya huandikwa juu ya ile ya kale. Amri mpya iitwayo openat2, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2020, hukataa swichi isiyoijua. Amri ya open imeachwa ilivyo, kwa sababu ziko programu za miaka mingi zinazoitumia hivyo.

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini POSIX ikaunganisha majina lakini isiunganishe namba? Sababu imekwisha kudokezwa. Programu iliyofasiriwa imebeba namba, si jina. Mwaka 1988 kila kampuni ilikuwa na wateja wenye programu zilizofasiriwa tayari, na laiti ingebadili namba ya O_CREAT, programu hizo zote zingeharibika siku moja. Kubadili jina ni kuwasumbua waandishi wa programu, ambao wana maandishi yao na kompaila. Kubadili namba ni kumharibia mteja ambaye hana chochote ila programu yenyewe. Kwa maoni yangu uamuzi wa kamati ulikuwa wa busara, ingawa ulinigharimu usiku mmoja wa vipimo.

Nguvu ya sababu hiyo yaonekana hata ndani ya Linux, ambayo ni mfumo mmoja. Katika mashine za aina ya SPARC, Linux haitumii namba zake za x86. Huko O_APPEND ni 8, O_CREAT ni 512 na O_TRUNC ni 1024, kama zilivyokuwa katika SunOS, mfumo uliozitangulia mashine hizo. FreeBSD kwa upande wake inaweza kuendesha programu zilizofasiriwa kwa ajili ya Linux, lakini kwanza huweka mkalimani katikati: swichi za Linux hupokelewa, husomwa moja moja, na kubadilishwa kuwa swichi za FreeBSD kabla faili halijaguswa. Programu yangu haikupitia kwa mkalimani huyo, kwa kuwa ilikuwa imejitambulisha kama programu ya FreeBSD.

Kuna neno moja la pembeni kwa wale watakaojaribu hesabu hizi darasani. Nimesema "jumla", lakini katika C hatutumii alama ya kujumlisha. Twatumia alama | ambayo huwasha swichi bila kuhesabu. Tofauti hiyo si ya urembo. Mtu akijumlisha O_CREAT mara mbili kwa kusahau katika FreeBSD, 512 na 512 ni 1024, na faili lililokusudiwa kuundwa likikosekana sasa linafutwa. Kwa alama ya | swichi iliyokwisha kuwashwa hubaki imewashwa, basi. Hali kadhalika, kusoma tu, O_RDONLY, ni 0 karibu katika mifumo yote, na sifuri si swichi. Huwezi kuuliza kama imewashwa. Mfumo wa GNU Hurd ulirekebisha hilo kwa kuweka kusoma kuwa 1, kuandika kuwa 2, na yote mawili kuwa 3, mpango ambao kimantiki ni safi kuliko ule wa Thompson na Ritchie. Programu zilizoandika 0 kwa mkono hazifanyi kazi ipasavyo huko.

Ipo tofauti ya tatu, nayo naiona kuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu hata mwandishi mwangalifu anayetumia majina siku zote haimwachi salama. Ni pale jina lilipo moja na maana zikawa mbili. Shilingi ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania zaitwa shilingi zote, na mfanyabiashara anayevuka Namanga akidhani zimelingana hatafika mbali.

Jina lenyewe ni O_NDELAY. Chukua programu inayosoma herufi kutoka kwenye kibodi. Kwa kawaida, kama mtumiaji hajabonyeza kitu, programu hulazwa mpaka abonyeze. O_NDELAY iliiambia mashine: usinilaze, kama hakuna kitu, nijibu upesi. Swali ni jibu gani. System V ilijibu 0, yaani "nimekusomea herufi sifuri". Lakini katika Unix jibu la 0 lilikuwa na maana tayari: faili limekwisha. Kwa hiyo programu haikuweza kutofautisha kati ya mtumiaji ambaye bado anafikiri na mtumiaji aliyekwisha kuondoka. Berkeley walijibu -1 pamoja na namba ya kosa iitwayo EWOULDBLOCK, ambayo yasema waziwazi kwamba ungelazimika kungoja. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya tawi moja ilikubaliwa na kompaila ya tawi la pili, ikaendeshwa, na kisha ikafunga kazi mapema au ikazunguka bila kikomo.

Kamati ya POSIX haikuweza kuchagua upande. Kila maana ilikuwa na programu zake zilizoitegemea. Ikabuni jina jipya kabisa, O_NONBLOCK, lenye jibu la -1 na kosa liitwalo EAGAIN. Leo Linux na FreeBSD zimelifanya jina la zamani kuwa kivuli cha jipya, lakini Solaris imeyaweka yote mawili, kila moja na swichi yake na desturi yake ya kujibu.

Kutokana na hayo, ile dawa ya mistari mitatu niliyoitaja haifai kila mahali. Kuandika kwamba SEEK_SET ikikosekana ni 0 ni halali, kwa sababu maana ni moja. Lakini nimekutana na programu zisemazo kwamba jina fulani likikosekana lihesabiwe 0, ili tu kompaila inyamaze. Jina O_CLOEXEC hutendewa hivyo mara nyingi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba faili lililofunguliwa, ambalo laweza kuwa lenye siri, linafungwa programu inapompisha mwenzake aendeshwe. Likihesabiwa 0, programu hufasiriwa vizuri, huendeshwa vizuri, na faili la siri hubaki wazi mbele ya mgeni. Ni afadhali kompaila ikatae.

Mtu asidhani kwamba haya ni mabaki ya ugomvi wa zamani. Solaris iliongeza njia mbili za kutumia lseek: SEEK_DATA, ya kutafuta sehemu ya faili yenye maandishi, na SEEK_HOLE, ya kutafuta sehemu tupu isiyochukua nafasi katika diski. Iliipa ya kwanza namba 3 na ya pili namba 4. Linux ilizichukua mwaka 2011 kwa namba zile zile, na FreeBSD inazo vivyo hivyo. Kiwango cha POSIX cha mwaka 2024 kimeyakubali majina hayo. Katika macOS, hata hivyo, SEEK_HOLE ndiyo 3 na SEEK_DATA ndiyo 4.

Mwalimu mwenye kompyuta mbili za aina tofauti na lugha ya Python anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa dakika tano, bila hatari kwa faili lolote, kwa kuandika katika kila mashine:

import os
print(os.O_APPEND, os.O_CREAT, os.O_TRUNC)
print(os.SEEK_DATA, os.SEEK_HOLE)

Linux ya x86 itatoa 1024 64 512, kisha 3 4. Mashine ya macOS itatoa 8 512 1024, kisha 4 3. Windows, ambayo si ya ukoo huu, itatoa 8 256 512 katika mstari wa kwanza, sawa na Solaris. Katika mstari wa pili italeta kosa, kwa kuwa majina hayo haiyajui.